Sanduku la Visukuku vya Opali, Tanga: Shajara ya Mradi

Januari, kaskazi

Nimeanza na kanuni kabla ya mawe. Sanduku litakuwa moja, la kubebeka kwa mkono hata ndani ya daladala, na litazunguka kwenye klabu za sayansi za sekondari hapa mjini na Muheza. Ndani yake nataka visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vilivyogeuka silika, ile inayojenga mchanga na kioo, hasa vile adimu vilivyogeuka opali, kito cha rangi za kuchezacheza. Kila kipande kiingie na karatasi yake: kilitoka wapi, katika tabaka gani, nani alikitoa na kwa ruhusa ya nani. Kisicho na karatasi hakiingii, hata kikiwaka rangi zote za upinde wa mvua.

Najua kanuni hii itanikosesha vitu vizuri. Mabroka wa vito wa hapa Tanga, waliokulia kwenye garneti na safaya za Bonde la Umba, wanaiona kama ukorofi wa mwalimu mstaafu. Kwao jiwe hujitetea lenyewe ukiliweka kwenye mwanga. Kwa kito, sawa. Kisukuku kikishatengwa na tabaka lake unabaki na umbo tu, na umbo peke yake halikuambii lilikuwa bahari au mto, wala lina miaka milioni 15 au milioni 100.

Kijiweni Barabara ya Kumi na Mbili nimeulizwa swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mwenyewe: "Mwalimu, hebu tueleze, mfupa unageukaje kito?" Nanukuu hapa majibu niliyotoa, maana ndiyo yatakayokuwa kadi ya kwanza ya sanduku.

Opali ni silika iliyofungia maji ndani yake, mara nyingi asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake. Maji ya ardhini yakipita kwenye majivu ya volkano, au kwenye mwamba wa mchanga unaooza, huyeyusha silika kidogo kidogo. Yakifika penye uwazi hutuama, na silika hukaa humo kama ute kabla ya kugumu. Kama kombe lilishaoza na kuacha tundu la umbo lake, ute ule hulijaza tundu kama barafu ya ukwaju inavyoshika umbo la kikombe. Nje utahesabu kila mstari wa kombe. Ndani hamna kitu ila opali. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi. Silika huingia wakati mti au mfupa bado upo, ikachukua nafasi seli kwa seli, na ukikata unaziona pete za mti zilivyokuwa. Hiyo ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Rangi nazo zina sababu yake. Opali imejengwa kwa vitufe vidogo vya silika. Vikilingana ukubwa, kati ya nanometa 150 na 300 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na vikajipanga safu juu ya safu bila kuvurugika, mwanga ukipita humo hutawanywa rangi kwa rangi. Vikikaa ovyo, opali inabaki nyeupe au ya kijivu. Visukuku vingi vya opali ni vya kijivu hivyo hivyo, na wataalamu hawajali. Wanaojali ni wenye pete.

Februari

Nimekuwa nikisoma kuhusu Australia, maana huko ndiko mama wa jambo hili. Lightning Ridge, katika jimbo la New South Wales, wachimbaji wa opali hutoa mifupa ya dinosaria, meno ya mamba, kobe, konokono na matunda ya misonobari, vyote vya miaka kama milioni 100 iliyopita. Coober Pedy (jimbo la Australia Kusini) na White Cliffs palikuwa bahari, kwa hiyo huko hupatikana makombe, belemnaiti (hawa ni jamaa wa ngisi, kinachobaki ni ule mfupa wao wa ndani wenye ncha kama risasi) na wanyama wakubwa wa majini.

Mnyama mmoja wa Coober Pedy amenivutia kuliko wengine. Ni mtambaazi wa baharini mwenye mwili uliogeuka opali, aliyepewa jina la utani Eric. Mwenye mali alipofilisika ikaonekana atauzwa, pengine akatwe vipande vya mapambo. Wananchi wakachangishana, watoto wa shule wakiwemo, akanunuliwa mwaka 1993 na sasa yuko Makumbusho ya Australia mjini Sydney. Wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 2006: Umoonasaurus demoscyllus.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mchimbaji wa opali anatafuta rangi, na mfupa wenye rangi nzuri unaingia kwenye gurudumu la kusugulia kabla hajatokea mtu wa kuutambua. Kuna hata taya la mnyama mdogo wa Lightning Ridge, Steropodon, lililotangazwa mwaka 1985. Ni jamaa wa kale wa wale mamalia wanaotaga mayai, na ndiye mamalia wa kwanza wa zama za dinosaria kujulikana Australia. Kipande chenye meno matatu tu. Angelikuwa na rangi kidogo zaidi na kufika mkononi mwa mtu mwingine, leo angekuwa hereni.

Machi

Kila ninayemwambia habari ya mradi huu ananiuliza kwa nini nisichimbe hapa hapa. Tanga ina visukuku, tena vya maana. Mwaka 1922 kwenye machimbo ya Mizimbazi, karibu na mji, alipatikana mtambaazi wa majini mwenye mkia bapa wa kuogelea. Mwaka 1924 Sidney Haughton alimwandika kwa jina la Tangasaurus mennelli. Jina la mji wetu limo ndani ya jina la mnyama wa zaidi ya miaka milioni 250, na ninaowaambia mjini hapa wengi wanadhani nawatania. Mabaki yenyewe yako Cape Town.

Lakini si opali. Yako kwenye mwamba wa tope lililogandamana. Mapango ya Amboni nayo ni mawe ya chokaa ya zama za Jurasi (zama za dinosaria), yaani mabaki ya bahari yaliyobaki chokaa. Na pale ambapo miamba ya kale ina mti uliogeuka silika, opali yake mara nyingi imeshapita. Opali haidumu kama tunavyodhani. Kwa mamilioni ya miaka hupoteza maji, vitufe hujipanga upya, mwishowe inakuwa kwatzi au akiki, mawe magumu ya silika. Kwa hiyo jiwe likizeeka sana usilitegemee kuwa na opali, tarajia akiki.

Na hata ingekuwepo, sanduku langu si la kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku, na kuchimba kunahitaji leseni. Nimeamua vya Tanga viingie kwa picha, mchoro na maelezo ya mahali bila kutaja uelekeo wa kuwaongoza wenye sururu. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jinsi mifupa inavyosafiri: ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilibebwa vichwani hadi bandarini miaka ya 1909 hadi 1913, na leo ndiyo inayojaza ukumbi Berlin.

Kadi ya Tangasaurus nimeiandika. Kadi ya silikanti pia, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, ingawa huyo si kisukuku. Wanafunzi watamtaja tu, maana anavuliwa kwenye bahari yetu na hifadhi yake ilitangazwa mwaka 2009. Afadhali jibu liwe tayari.

Aprili, masika

Mvua tangu asubuhi. Kijana mmoja broka, aliyewahi kunisalimia darasani enzi zile, amepiga hodi na mfuko wa rambo chini ya koti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingia, utalowa."

"Leo nimekuletea ile ile unayoitafuta. Opali ya Madagaska, ina konokono mzima ndani."

Akaitoa. Amonaiti, kubwa kama kiganja, imesuguliwa hadi inateleza, na upande mmoja inawaka nyekundu na kijani ukiigeuza. Kitu kizuri, sitadanganya. Alitaka laki mbili na nusu, "kwa sababu ni wewe". Nikamwomba ruhusa ya kujaribu pale nyuma penye alama ya msumeno, pasipoonekana. Nikakwangua vumbi kidogo kwa ncha ya kisu, nikadondoshea siki. Vumbi likatoa mapovu.

"Inachemka!" akasema.

"Ndiyo. Opali haichemki kwa siki. Hili ni kombe bado."

Amonaiti walikuwa jamaa wa pweza na ngisi waliokuwa na kombe la kuzunguka. Hawa wa upande wa Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, wana zaidi ya miaka milioni 100, na maajabu yao ni kwamba ile ngozi ing'aayo ya ndani, kama ya chaza, haijaoza. Ni aragonaiti, ndugu wa chokaa, matabaka membamba juu ya matabaka, na mwanga ukigonga hapo unacheza. Wenye maduka huiita opali kwa sababu jina hilo linauza. Kanada, jimbo la Alberta, wanayo yao, na wamekuwa waungwana kuipa jina lake, amolaiti, na inauzwa kama kito kwa haki yake.

Kijana akaifuta siki kwa ncha ya shati, akafikiri kidogo. "Lakini mwalimu, si ing'ae tu? Mnunuzi haji na siki mfukoni."

Hapo sikuwa na jibu la kumshinda. Nilimwambia niko tayari kununua nyingine ya bei ya chini, ndogo, iliyovunjika, ili sanduku liwe na mfano wa kinachofanana na opali. Akaleta baada ya mvua, pamoja na risiti ya duka lililomuuzia. Imeingia, sehemu ya "si opali".

Juni, kusi

Joto limepungua na mikono haitoi jasho, kazi ya kupima imekwenda vizuri. Naandika njia hapa kwa kuwa mwalimu yeyote anaweza kuifanya.

Mzani ni wa sonara, unaosoma gramu mpaka nukta mbili. Unapima jiwe likiwa kavu, unaandika. Kisha unaweka kikombe cha maji juu ya mzani na kuurudisha kwenye sifuri. Unalifunga jiwe kwa uzi, unalishusha ndani ya maji mpaka limezama lote, lisiguse chini wala ukuta wa kikombe, na mkono wako ukae juu ya kitu usitikisike. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Opali huangukia kati ya 2.0 na 2.2. Kwatzi na akiki, 2.6 na kitu. Kioo cha kawaida hukaa katikati, karibu na 2.5.

Opali ya kijani ya Haneti, Dodoma: gramu 6.18 kavu, maji gramu 2.94. Inatoa 2.10. Hii si kisukuku, imepata ukijani wake kwenye madini ya nikeli, lakini nimeitia ili wanafunzi wajue opali si ya ng'ambo tu.

Mti wa Madagaska uliogeuka jiwe, niliopewa na mwalimu mwenzangu wa Dar es Salaam pamoja na kibali chake cha kutoka nchini: gramu 84.5, maji 32.1. Inatoa 2.63. Kwatzi, kama umri wake wa zaidi ya miaka milioni 200 unavyotaka. Pete zimebaki, ukiweka lenzi unaona hata mahali mti ulipopata jeraha.

"Opali ya maziwa" niliyonunua sokoni kwa makusudi: gramu 11.52, maji 4.70. Inatoa 2.45, na ndani kuna kiputo cha hewa kiduchu. Kioo. Juu ya kitambaa cheusi inaonekana ya bluu, ukiiinua kwenye dirisha inakuwa ya machungwa, na hilo ndilo linalowapumbaza wengi. Nayo imeingia sehemu ya "si opali", inafanya kazi nzuri sana huko.

Angalizo kwa watakaoiga: opali za Ethiopia, zile za Wollo, nyingi hunywa maji. Ukizitumbukiza zinaweza kubadilika mwanga, na uzito utakaoupata haufai. Zichunguze kwa lenzi tu. Ni za kuheshimu, maana katika machimbo yale yale imepatikana hata mizizi na vipande vya mimea vilivyogeuka opali. Afrika Mashariki haiko mbali na jambo hili hata kidogo. Sijapata tu kipande chenye karatasi.

Agosti

Kimefika kipande cha mti uliogeuka opali. Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Reno, Marekani, alikwenda Virgin Valley, kaskazini mwa jimbo la Nevada, kwenye machimbo yanayofunguliwa kwa umma miezi isiyo na baridi: unalipa kiingilio, unachimba, unachopata ni chako. Huko palikuwa na ziwa na majivu ya volkano miaka kama milioni 15 iliyopita, na magogo yaliyofukiwa yamegeuka opali. Amenitumia kipande kimoja na risiti ya machimbo, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake kueleza kilikuwa upande gani wa shimo na kina gani.

Kimekuja ndani ya chupa ndogo ya maji, na kuna sababu. Opali ya Virgin Valley ina maji mengi na ikikauka hupasuka, mistari kama ya tope la kiangazi, mpaka ivunjike. Wengi huko huihifadhi majini siku zote.

Urefu wake ni kama kidole gumba. Upande mmoja ni kahawia iliyofifia, unaona nyuzi za mti zikienda sambamba, na fundo dogo tawi lilipoanzia. Upande wa pili, palipovunjika, ni angavu kama ute wa yai, na ndani yake kuna utepe mwembamba wa bluu na kijani ambao unahama unapoinamisha chupa, ukitoka kwenye fundo ukapotea chini ya gome. Nilikipima haraka, kikiwa kimefutwa tu: gramu 9.66, maji 4.71. Inatoa 2.05. Usiku nilizima taa na kukimulika kwa ile tochi ya kukagulia noti. Kikatoa kijani hafifu, kwa sababu opali za huko zina chembe za urani. Mjukuu akapiga kelele nyumba nzima ikaja.

Maji ya bomba yetu yana chokaa, yataacha ukungu, kwa hiyo nimekwenda duka la betri kununua maji yaliyosafishwa. Ukinunua huko soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi nayo inakaa rafu ile ile. Chupa imehamia kabatini. Dirishani ingeota kijani cha mwani kabla mwezi haujaisha.

Septemba

Fundi seremala wa Ngamiani amemaliza sanduku, la mninga, mishikio ya shaba, vyumba vya ndani vimebandikwa sponji. Nimemlipa na kumshukuru, halafu nikaanza kumpunguzia raha: makombe na ile amonaiti haziwezi kukaa kwenye mbao mpya bila kitu. Mbao hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo katika sanduku lililofungwa hula chokaa taratibu mpaka kombe linaota unga mweupe. Opali na akiki haziguswi. Kwa hiyo vya chokaa vimeingia kwenye vikopo vya plastiki vyenye vifuniko, pamoja na kombe jipya kutoka soko la samaki la Deep Sea, la leo hii, kwa ajili ya kulinganisha. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini sikumwagiza la plastiki lote. Ana hoja.

Oktoba

Chumba kimoja bado ni kitupu, kile cha Australia. Muuzaji wa kwanza alikuwa na kombe la opali zuri mno, la kijani, kwa bei niliyoimudu. Nikamwuliza kuhusu kibali: kule visukuku havitoki nchini bila kuombewa ruhusa chini ya sheria ya mwaka 1986 ya urithi unaohamishika. Akaniandikia kwamba vitu vidogo posta haifungui. Nikaacha. Wa pili ana belemnaiti ya Coober Pedy, ya kijivu, ina doa moja la kijani karibu na ncha. Anajua shimo lililoitoa na ameshapeleka maombi. Nimemwambia hela naituma nikiona namba ya kibali.

Jana sanduku limefanya kazi mara ya kwanza, Muheza. Walimaliza haraka kuangalia kioo cha sokoni, wakashindana kugawa namba za mzani, na karibu wote waliamini amonaiti ni opali mpaka siki ilipotoka. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa na chupa ya Nevada muda mrefu kuliko wenzake, kisha akauliza: "Haya maji ni ya zamani pia, au ni ya dukani?" Nikamwambia ya kwenye chupa ni ya dukani, ya zamani yamo ndani ya jiwe lenyewe. Akauliza utayatofautishaje kama yanaingiliana. Swali hilo nimeliandika kwenye karatasi ya kipande, chini ya risiti, na nimemwandikia kijana wa Reno amwulize mwenye machimbo wao hutumia maji gani.

Kazi zilizobaki: kubadilisha maji ya chupa mwisho wa mwezi, kutafuta mzani wa pili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na kusubiri barua kutoka Australia Kusini.